Taratibu, Dereva Aliyepanda Mawe kwa Kusikiliza

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Kama redio iko jikoni, punguza moto kidogo usogee. Kama uko kazini, endelea na kazi yako, ila niachie sikio moja. Leo tunamkumbuka dereva. Alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, alikuwa mume na alikuwa baba, na ametutoka baada ya kuugua moyo. Wenzake walimwita Taratibu. Nasi tutamwita hivyohivyo, maana hata mkewe aliniambia, "Ukitaja jina lake la kwenye kitambulisho, nusu ya watu hawatajua unamzungumzia nani."

Taratibu alikuwa dereva. Na katika miaka yake ya mwisho, Taratibu alikuwa kipofu. Naomba mshike yote mawili, udereva na upofu, kwa sababu alipokuwa haoni kabisa, aliendesha gari. Msishtuke. Hakuliendesha barabarani. Aliliendesha juu ya mawe, kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa, na gari hilo aliliunda uani kwake pamoja na familia yake na rafiki yake.

Tuanzie mbali kidogo.

Jina la Taratibu alilipata kwenye yadi ya malori. Madereva wenzake walikuwa wakifika, wanaoga, wanakula, wanaanza kusinzia, ndipo wanasikia breki za lori lake getini. Walimcheka sana. Lakini mfanyabiashara aliyekuwa na vioo vya kusafirisha alimsubiri yeye, hata kama ni wiki nzima. Utingo wake kwa miaka mingi alikuwa mtu mmoja mwenye maneno mengi, ambaye baadaye aliacha lori, akajifunza kuchomelea vyuma, akafungua gereji yake. Huyo anaitwa Cheche. Mlishike jina hilo, Cheche, maana tutakuwa naye mpaka mwisho.

Cheche aliniambia hivi: "Nilikuwa namwambia, bosi, hata baiskeli zinatupita. Ananijibu, ziache zipite, huenda zina haraka."

Nyumbani alikuwa mgeni. Hilo mkewe halifichi. Mkewe ni fundi cherehani, mama mpole, mwenye sauti ndogo kiasi kwamba nilipomrekodi ilibidi nimsogezee kipaza sauti mpaka karibu na kidevu. Mume alikuwa anakuja, anafuliwa nguo, anacheza kidogo na binti yao, anaondoka. "Nilimjua zaidi kwa nguo zake chafu," mama aliniambia. "Nilikuwa naziangalia kabla ya kuziloweka. Vumbi jekundu, najua alipita wapi. Mafuta mgongoni, najua lori liliharibika. Kumuuliza nilikuwa siwezi, anakuwa ameshalala."

Kisha macho yakaanza kuondoka.

Ugonjwa ulikuwa presha ya macho. Nawaomba mnisikilize hapa hata wale wenye afya. Presha ya macho haiumi. Inaanza kula pembeni, polepole, na mtu anajiona mzima kwa sababu mbele bado anaona. Taratibu alikuwa anaona barabara vizuri. Asichokiona ni kile kilicho kando. Siku moja alikuwa anaingiza lori yadi, akasikia mtu anapiga kelele na kugonga ubavu wa lori. Alikuwa mlinzi wa geti. Alikuwa ameruka kwa bahati tu, kofia yake ikabaki chini ya tairi.

Hakuna aliyemshtaki. Mlinzi mwenyewe alikuwa ameshaanza kulicheka jambo hilo. Lakini Taratibu alizima injini, akapanda ngazi hadi ofisini kwa meneja, akaweka ufunguo mezani. Meneja alidhani anataka likizo. Taratibu akasema, "Pale getini kulikuwa na mtu, na mimi nimeona geti tupu." Hakulishika tena lori.

Madaktari wa macho walijitahidi. Matone, upasuaji, matone tena. Mwanga ukapungua mpaka ukabaki kama wa dirisha lenye pazia zito, halafu nao ukazima.

Binti yake ni muuguzi. Anafanya kazi wodi ya majeruhi, wale wa ajali. Yeye na mumewe, ambaye ni fundi wa simu, walihamia nyumbani kwa wazee ili wasaidie. Walisaidia kwelikweli. Walifunga kamba ya kumwongoza kuelekea bafuni. Waliondoa meza yenye kona kali. Walimkatia nyama vipande vidogo, walimpoza chai, walimchagulia shati. Kila kitu kilifanywa kwa mapenzi. Na Taratibu akawa anakaa kwenye kochi lilelile kutwa, mikono juu ya magoti, kama abiria anayengoja basi lisilojulikana litakuja saa ngapi.

Binti anasema, "Nilidhani ametulia. Nilikuwa najisifu kazini kwamba baba amekubali hali yake."

Aliyeutibua utulivu huo ni Cheche.

Cheche alikuwa amenunua mzoga wa pikapu kuukuu, chesi, yaani fremu ya chini, na injini tu, mengine yote kutu. Alitaka kuunda gari la kupanda mawe. Kwa wasioujua, mchezo wenyewe ni huu. Watu wanachukua gari, wanaliinua juu, wanalivika matairi makubwa, wanalizungushia kizimba cha mabomba ya chuma ili likipinduka lisimsage mtu. Kisha wanalipandisha kwenye miamba, mahali ambapo hata mbuzi angefikiri mara mbili. Na hawakimbii. Mchezo huu hauna mbio hata kidogo. Gari linatambaa. Ukilipa mwendo linakutupa.

Siku moja ya mapumziko Cheche akamchukua Taratibu, akampeleka machimboni, walau apigwe na upepo. Akamkalisha juu ya jiwe. Magari yalikuwa yananguruma, na mbele ya kila gari kulikuwa na mtu anayerudi kinyumenyume huku akipiga kelele: kata kulia, simama, tembea kidogo. Taratibu akasikiliza sana. Halafu akamuuliza Cheche kama dereva anayaona yale mawe. Cheche akamweleza kwamba dereva haoni kitu, boneti imemziba, magurudumu yako chini yake, anamtegemea mtu wa mbele tu.

Njiani kurudi, Cheche alizungumza peke yake kama kawaida. Walipokaribia nyumbani, Taratibu akasema, "Basi na mimi naweza."

Wiki iliyofuata mzoga wa pikapu ukaletwa uani kwa Taratibu.

Wasikilizaji wapendwa, uani pale nimefika. Ni uwanja mdogo, una kamba ya kuanikia nguo na bomba la maji. Waliujaza vyuma. Mama alikuwa anaanika mashuka huku, kule cheche zinaruka. Taratibu alifungua gia boksi kwa vidole. Kila nati aliyoifungua aliiweka kwenye kopo lake, na ole wake mtu ahamishe kopo. Cheche alichomelea kizimba. Mkwe, fundi wa simu, alifunga nyaya na taa. Taratibu aligombana na Cheche kuhusu springi. Cheche alitaka laini, Taratibu alitaka ngumu, wakanuniana tangu chakula cha mchana mpaka chai ya jioni. Mama akashona kiti. Alikishona kwa turubai nene iliyovunja sindano zake, akaweka godoro jembamba ndani, akamkalisha mumewe na kumpima mgongo kama anayempima suti.

Na mzee akabadilika. Alirudi kuvaa ovaroli. Alianza kukata nyama yake mwenyewe. Majirani walipitisha vichwa juu ya ukuta wakauliza gari litakwenda kasi gani. Cheche akawajibu kwamba mtu anayetembea kwa miguu atalipita, na kwamba mzee hatimaye amepata gari la saizi yake.

Mtu mmoja tu hakucheka, naye ni binti. Kumbukeni kazi yake. Kila siku alikuwa anapokea watu waliotolewa kwenye magari. Aliposikia nani atakaa kwenye kile kiti, alisimama mlangoni akiwa bado na sare za kazi, akawaambia baba yake, mama yake, mumewe na Cheche, wote kwa pamoja: "Mnamtafutia baba kifo, halafu mnakiita burudani."

Hakupandisha sauti. Mumewe anasema ingekuwa nafuu kama angepandisha. Kwa siku nyingi nyumba ile ilikuwa na salamu tu.

Hata hivyo walikwenda. Mkwe aliunganisha spika za masikioni, ili sauti ya mtu wa mbele imfikie dereva moja kwa moja bila kumezwa na injini. Cheche akafunga kamba ya kuzimia injini, ambayo mtu wa nje angeweza kuivuta. Mtu wa mbele alikuwa Cheche mwenyewe. Nani mwingine? Walikuwa wamesafiri pamoja nusu ya maisha yao.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Cheche ni fundi hodari, lakini ana mazoea. Gari lilipoinua pua kwenye mwamba, yeye akaanza kuonyesha kwa mikono. Alinyoosha mkono wa kulia, akakunja ngumi, akapunga. Mikono yote hiyo anamwonyesha kipofu. Kwenye spika kukawa kimya. Taratibu akangoja, hakusikia kitu, akadhani ameruhusiwa, akaongeza mafuta kidogo. Gari likateleza kiubavu, likalala.

Kizimba kilishika. Mkanda ulishika. Taratibu alitolewa akiwa na bega lililovimba na damu mdomoni kidogo. Cheche aliniambia kisa hiki akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaacha kuzungumza kabisa, na wote wanaomjua wanajua kwamba Cheche kuacha kuzungumza si jambo dogo.

Binti alimfunga baba yake bega. Alifunga vizuri, kwa mikono laini, kisha akamwomba amwahidi kwamba hatapanda tena. Taratibu akaahidi. Hakubishana hata kidogo. Gari likafunikwa turubai. Ovaroli ikafuliwa, ikakunjwa. Mzee akarudi kwenye kochi.

Na hapa, wasikilizaji wapendwa, anaingia mtu ambaye katika kisa hiki chote alikuwa anashona tu.

Mama aliniambia maneno haya, nami nayarudisha kama alivyoyasema: "Nimeishi na yule mtu. Ukimya wake nilikuwa naujua. Akinyamaza hivi, ana hasira. Akinyamaza hivi, ana njaa. Safari hii alinyamaza kama mtu aliyekwisha ondoka, bado kubebwa tu."

Hakumwambia mumewe chochote. Alivaa viatu vya raba vya binti yake, akamfuata Cheche gereji, akamwambia, "Shemeji, nipeleke nikayaone hayo mawe." Akaenda. Akaenda tena. Alitembea juu ya miamba ile kwa miguu, akaigusa, akasimama mbele ya magari ya watu akasikiliza wanavyoongozwa. Yule mama wa sauti ndogo alikuwa anakwenda nyuma ya machimbo, mahali pasipo na mtu, anajifunza kupiga kelele. Cheche alimsikia. Anasema mwanzoni ilikuwa kama mtu anayemwita kuku, anaogopa asimsumbue.

Halafu akamkabili binti yake. Walizungumza jikoni, mlango umefungwa, na kilichosemwa chote wamekataa kunipa. Binti alinipa kimoja tu. Mama alimuuliza, "Wewe unawaona wanaokufa kwenye magari. Huyu anayekufa kwenye kochi humwoni?"

Binti alitoa masharti. Spika zijaribiwe kabla ya gurudumu kuzunguka. Kukiwa kimya, gari lisisogee. Na yeye mwenyewe awepo, na begi lake la huduma ya kwanza. Yote yakakubaliwa. Taratibu alipoelezwa nani atakuwa mtu wa mbele, aliuliza mara ya pili, akidhani hakusikia vizuri.

Siku ya kupanda ilikuwa na mawingu. Mwamba waliouchagua wenyeji wa machimbo wanauita Bega, kwa sababu unainuka, unajikunja, halafu unainuka tena. Walipunguza upepo kwenye matairi ili yalale na kushika jiwe. Waliweka gia ya chini kabisa. Mama akasimama mbele, sketi ameifunga kiunoni juu ya suruali ya mumewe, kipaza sauti mdomoni. Akasema, "Unanisikia?" Taratibu akajibu kwamba anamsikia. Mama akasema, "Njoo."

Gari likaanza kutambaa. Mama anarudi nyuma, gari linamfuata. Kulia kidogo. Nyoosha. Njoo. Tairi la mbele limegusa, lisukume. Njoo. Wakafika nusu.

Kwenye mkunjo gurudumu la mbele kushoto likaondoka kwenye jiwe, likabaki linaning'inia. Gari likaanza kuinama. Taratibu aliusikia mwinamo huo mgongoni mwake, na kila dereva anajua mguu unataka kufanya nini hapo. Unataka kukanyaga mafuta, ujiondoe. Mkono wa Cheche ulikuwa kwenye kamba ya kuzimia injini. Binti ameshafungua begi.

Mama akasema, "Usikanyage. Rudi nyuma."

"Nirudi kiasi gani?"

"Mpaka nikwambie."

Akarudi nyuma. Anarudi kwenye mteremko ambao haoni, kwa neno la mkewe. Gurudumu likashuka, likapata jiwe, likakaa. Mama akamwacha hapo kidogo, akazunguka kuangalia upande wa pili, akarudi mbele yake. Akamwelekeza njia nyingine, nyembamba zaidi, iliyobana upande wa ukuta wa mwamba. Kizimba kikakwaruza jiwe kwa sauti iliyomfanya Cheche afumbe macho. Pua ikainuka mpaka mbele ya kiti ikabaki anga tu. Kisha gari lote likalala sawa, na mama akasema simama.

Taratibu akazima injini. Akauliza, "Tuko juu?"

Mama alikuwa analia, ameziba kipaza sauti kwa kiganja ili mumewe asisikie. Taratibu akauliza tena. Aliyemjibu ni binti, aliyekuwa amepanda kwa miguu kando yao muda wote. Akasema, "Uko juu, baba."

Baba akamwomba amwambie kinachoonekana. Binti akasimama kando ya kile kiti cha turubai, akamwambia. Mapaa ya mabati. Nguo zimeanikwa. Watoto wanacheza mpira kwenye uwanja wa shule. Kule mbali barabara kuu, na malori yanapita. Taratibu akauliza kama malori yana mzigo au ni matupu. Binti akakaza macho, akasema, "Yanayokwenda yana mzigo. Yanayorudi siwezi kujua." Baba yake akacheka. Binti anasema hakuwa amemsikia baba yake akicheka hivyo tangu yeye alipokuwa mtoto.

Walipanda tena mara nyingi baada ya hapo. Bega liliwashinda siku nyingine, wakarudi nyumbani na gari limevutwa kwa winchi, mama na mume wamenuniana, kila mmoja anasema kosa ni la mwenzake. Mama alizoea kupiga kelele kiasi kwamba wateja wake wa cherehani walianza kulalamika. Vijana wa machimboni walikuwa wanamwita mama wa mbele, na wakikwama wanamwita yeye kabla ya kuita winchi.

Kisha moyo ukachoka. Ulichoka polepole, kama alivyofanya kila kitu. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Gari likakaa uani. Binti alimuuguza nyumbani kadiri alivyoweza, halafu hospitali. Alifariki asubuhi, mkewe ametoka kidogo kwenda kuchukua uji. Mama hajajisamehe kwa dakika zile za uji. Binti, ambaye alikuwapo, amemwambia mara nyingi kwamba baba hakuhangaika, alipumua, akapumzika. Na mimi namwambia mama kupitia redio hii, huku watu wote wakisikia: ulikuwa umemfuatia uji wake. Hukuwa umemwacha.

Nilipowaaga niliuliza gari litakwenda wapi. Cheche anataka kulifanyia matengenezo. Mkwe anaona lihifadhiwe. Bado hawajaamua, na hakuna anayewaharakisha.

Lakini mama alinisindikiza mpaka getini, na akaniambia jambo ambalo sikumuuliza. Alisema: "Watu wanakuja hapa, wananipa pole kwa ile miaka ya upofu. Wanasema, mama, uliteseka. Mimi nanyamaza, sitaki kuwakosea adabu. Ila ile ndiyo miaka niliyokuwa na mume."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote tulio hapa studio, pole mama. Pole binti, pole mkwe, pole Cheche. Poleni madereva wote mliowahi kulisubiri lori lake yadi. Mungu awape nguvu, na ampumzishe Taratibu mahali pema.

Na wewe unayenisikiliza. Huenda nyumbani kwako kuna mtu ameketi kwenye kochi. Ni mgonjwa, au ni mzee, au haoni, au hasikii vizuri. Mnampoza chai, mnamchagulia shati, mnampenda. Leo, kabla hamjamfanyia jambo jingine lolote, kaa karibu naye umuulize anataka kufanya nini. Halafu mpe muda. Anaweza akachelewa kujibu, kwa sababu pengine ni siku nyingi hajaulizwa.